Jibu kwa aliyeuliza: kwa nini E. coli ileile inatoa indoli leo, kesho haitoi?

Mkuu, umesema E. coli, bakteria wa utumbo anayeashiria kinyesi majini, uliyoiotesha kutoka maji ya kisima imekupa chanya kwenye kipimo cha indoli (kemikali yenye harufu anayoitoa bakteria huyo) katika tyubu moja na hasi katika nyingine, ukauliza kama kimeng'enya chake kimekufa. Hakijafa. Nimefanya kazi ya maabara hapa Tanga miaka mingi na jambo hilo lilishanikuta, tena kwa gharama ya watu wengine.

Masika mmoja tuliletewa maji ya kisima cha uani, huko Ngamiani, kinachotumiwa na nyumba nne. Tyubu iliyooteshwa kwenye nyuzi 44 ilitoa gesi, dalili ya bakteria wa kinyesi, ikabaki kuthibitisha E. coli kwa indoli. Maji ya peptoni, yaani mchuzi wa protini iliyovunjwa tunamooteshea bakteria, yalikuwa yameisha. Nikachukua tyubu za peptoni zenye glukosi, zilizoandaliwa kwa mtihani wa sukari, nikijiambia peptoni ni peptoni. Kesho yake nikadondosha kitendanishi cha Kovács, kinachogeuka chekundu kikikuta indoli, pete ya juu ikabaki ya manjano. Nikaandika hasi. Mzee aliyenifundisha kazi aliporudi zamu na kuisoma ile karatasi aliniuliza neno moja tu: "Mwanangu, umeilisha nini?" Tukaotesha upya kwenye peptoni isiyo na sukari, na pete ikaja nyekundu, hata haihitaji kutazamwa mara mbili. Wakati huo nyumba nne zilikuwa zimeyanywa maji yale siku mbili zaidi.

Kimeng'enya chenyewe kinaitwa triptofanasi. Hufanya kazi kwa msaada wa vitamini B6 iliyogeuzwa kuwa piridoksali fosfati. Huishika triptofani, moja ya asidi amino zinazojenga protini, na kuivunja ikatoka indoli, piruvati na amonia. Piruvati ni chakula kizuri kwa bakteria, amonia humpa naitrojeni, na indoli hutoka nje ya seli, ambako kitendanishi chetu huikuta na kuipaka rangi. Indoli hiyohiyo imo kwenye harufu ya asmini, ingawa mmea huitengeneza kwa njia yake. Ikiwa kidogo hunukia kama kikuba, ikizidi hunuka choo. Ndiyo maana tyubu ya E. coli ukiifungua pua hutambua kabla ya macho.

Sasa, bakteria hawezi kuivunja triptofani ovyo, kwa sababu anaihitaji kujengea protini zake. Kwa hiyo jeni la kimeng'enya hiki limefungwa kwa makomeo mawili.

Komeo la kwanza ni sukari. Seli yenye glukosi ya kutosha huwa na kiasi kidogo cha AMP ya mzunguko, molekuli ya kupeleka ishara ndani ya seli. Bila hiyo, protini iitwayo CRP haiishiki DNA, na jeni halianzi kunakiliwa ipasavyo. Ndivyo ilivyokuwa kwenye tyubu yangu: kimeng'enya hakikuharibika, bali karibu hakikutengenezwa kabisa. Bakteria alikuwa anakula sukari, na asidi ya sukari hiyo ikazidi kumkwamisha.

Komeo la pili ndilo lililonifanya niipende kazi hii. Lilichunguzwa kwa miaka mingi na Charles Yanofsky na wenzake huko Stanford, Marekani. Mbele ya jeni la triptofanasi kuna kijeni kidogo cha protini fupi mno, asidi amino 24 tu, iitwayo TnaC. Ndani yake triptofani imo mara moja, nafasi ya 12. Ribosomu, mtambo wa seli wa kujenga protini, huitengeneza hadi mwisho, inapotakiwa kuiachia na kuondoka. Ikiwa triptofani huru imejaa kwenye seli, kuachia kunashindikana na ribosomu hukwama palepale. Nyuma yake kuna protini nyingine, Rho, ambayo kazi yake ni kuikamata nakala ya jeni mahali hapohapo na kuisimamisha isiendelee. Lakini mahali pamekaliwa. Ni kama jahazi lililofunga gatini likagoma kuondoka: linalofuata halina pa kutupia kamba. Kunakili kunaendelea, triptofanasi inatengenezwa, pamoja na mlango wa kuingizia triptofani zaidi. Triptofani ikipungua, ribosomu inaachia na kuondoka, Rho inashika, kazi inakatwa. Chakula chenyewe ndicho kinachofungua jiko litakalokipika.

Kuna mdau aliandika hapo juu kwamba hata miili yetu inafanya hivyohivyo. Hapana. Sisi hatuna triptofanasi. Ini letu lina kimeng'enya kingine, triptofani dioksijenasi, chenye madini ya chuma ndani ya hemu (kama ile ya damu), nacho huipasua pete ya triptofani kwa oksijeni. Homoni ya kotisoli huongeza utengenezaji wake, na triptofani yenyewe hukilinda kisivunjwe upesi. Sehemu ya mazao yake huishia kuwa NAD, kisaidizi cha vimeng'enya vingi, ile inayotokana pia na niasini (vitamini B3). Ndiyo sababu mlo wa mahindi matupu, yenye triptofani haba na niasini iliyojifunga mwili usiweze kuitumia, huleta pelagra, ugonjwa wa upungufu wa niasini. Indoli inayoonekana mwilini mwetu ni kazi ya bakteria wa utumbo.

Rudi kwenye tyubu zako. Soma lebo ya peptoni. Kama protini yake ilivunjwa kwa asidi, triptofani iliteketea humo na hutapata pete hata kwa E. coli bora kabisa, kwa hiyo tafuta iliyovunjwa kwa vimeng'enya. Isiwe na sukari yoyote. Weka pembeni E. coli unayoijua na Klebsiella pneumoniae unayoijua, ya kwanza ikupe nyekundu na ya pili, isiyotoa indoli, manjano, otesha zote pamoja usiku mmoja, kisha ndipo uisome ya kisima. Ikija nyekundu, waambie wenye kisima siku hiyohiyo wachemshe maji, hata kabla karatasi haijapigwa muhuri.