Dripu Ikigoma, Usikimbilie Kigurudumu

Kwa mnaoanza zamu wodini: dripu mtakabidhiwa mapema, na haitachukua muda kugoma. Wengi hufungua kigurudumu kinachobana mpira wa dripu mpaka mwisho na kusubiri. Pasipo pampu, kinachosukuma maji ni uzito wake tu, kwa hiyo tafuteni kwanza presha hiyo inapotelea wapi.

Maji yakiwa mita 1 juu ya usawa wa moyo yanasukuma kwa takribani milimita 74 za zebaki. Presha ndani ya vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya mkono wa mgonjwa aliyelala kwa kawaida haifiki 15. Tofauti hiyo ndiyo mtaji wenu wote. Stendi ikiwa sentimita 50 tu, mnaanza na 37. Pimeni kutoka usawa wa moyo, si kutoka kwenye kanula (kijibomba kilichoingizwa mshipani): kuuning'iniza mkono kunaongeza urefu upande wa mpira, lakini damu iliyo kwenye vena nayo inapata urefu uleule, kwa hiyo hamkufaidi kitu. Kitanda kikipandishwa baada ya kupanga matone, hesabuni upya.

Kafu ya kupimia presha ikijazwa kwenye mkono wenye dripu inaushinda mtaji huo kwa urahisi. Matone yanasimama, damu inapanda kwenye mpira, na isiposafishwa mapema inaganda ndani ya kanula. Pimieni mkono wa pili. Ndivyo inavyokuwa pia mgonjwa akienda msalani ameshika mfuko usawa wa kiuno.

Chupa ngumu ya plastiki inahitaji hewa iingie nafasi ya maji yanayotoka. Tundu la hewa la mpira likiwa limefungwa au limelowa, matone yanapungua polepole mpaka yanakoma, hata stendi iwe ndefu vipi. Mfuko laini hujikunja wenyewe. Hasa ule wa damu, msiutoboe kamwe.

Kanula nayo ina sauti kubwa kuliko urefu wa stendi. Kwa hesabu, kipenyo cha ndani kikipungua nusu, mtiririko unabaki sehemu 1 tu ya 16. Kwa mtu mzima anayevuja damu, wekeni ya kijani (namba 18) au nene zaidi, yaani yenye namba ndogo zaidi, na fupi, maana urefu wa kanula nao unazuia. Ya buluu (namba 22) itapitisha damu, ila msitegemee kasi. Chembe nyekundu za damu zilizotoka kwenye friji ni nzito kama uji, hazitiririki kwa urahisi, na ubaridi unazidisha hali hiyo.

Soma pakiti ya mpira kabla ya kuhesabu. Mililita 450 za damu kwa saa 3 ni matone 50 kwa dakika kama mpira unatoa matone 20 kwa mililita. Ukiwa wa 15, ni 38. Damu isivuke saa 4 tangu itoke kwenye friji, kwa hiyo dripu ya damu inayosuasua haifai kuachwa "tuone".

Mkishuku kanula imetoka, shusheni mfuko chini ya mkono kwa muda mfupi. Damu ikirudi, kuna uwezekano mkubwa bado imo ndani ya mshipa. Isiporudi, hilo peke yake halitoshi: angalieni uvimbe, ubaridi wa ngozi na maumivu. Kanula iliyoziba msiilazimishe kwa bomba la sindano. Bomba dogo linatoa presha kubwa kuliko mnavyodhani na linaweza kusukuma donge la damu mshipani. Itoeni, mtafute mshipa mwingine.