Kabla hujanunua boksi la spana

Mdogo wangu unayeanza ufundi, najua lile boksi la vipande arobaini na ushee pale sokoni Mwanga limekuteka macho. Linang'aa, na bei yake haifikii spana tatu za maana. Mimi pia nilianza na boksi kama hilo.

Wiki ileile nililala chini ya Toyota kumwaga oili. Boliti ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ni namba 14, yaani milimita 14. Nikavika spana ya mdomo wazi, nikavuta, nikahisi mkono unakwenda wenyewe. Nikafurahi, nikidhani imelegea. Kumbe mdomo wa spana umetanuka na kona za boliti zimelika, zinametameta kama sarafu mpya. Fundi aliyekuwa ananifundisha hakunigombeza. Alinipa ringi yake nyeusi ya miaka mingi, spana ya mdomo wa duara unaozunguka kichwa chote cha boliti, jina la Gedore, watengenezaji wa Kijerumani, likisomeka kwa shida, akaniambia niigonge kidogo mpaka ikae, ndipo nivute. Boliti ikatoka.

Kwa hiyo ukiwa dukani, usiangalie mng'ao, angalia mdomo. Nenda na boliti mpya mfukoni, ivike spana uitikise. Ikicheza sana, irudishe. Pitisha kidole ndani ya mdomo. Kingo zenye mikwaruzo na kromu inayobanduka zitakukata wewe kabla hazijakata nati. Maandishi ya kromu-vanadi, aina ya chuma kigumu, ubavuni peke yake yasikuridhishe, maana kugonga muhuri kwenye chuma ni rahisi kuliko kukipika chuma kikakomaa. Kwa soketi, zile kofia za kuvika nati, chukua zenye kona sita. Zenye kona kumi na mbili huvikika haraka, lakini kwenye nati yenye kutu hushika ncha tu, na ncha ndiyo inayolika.

Lakini usije ukadhani kila cha zamani ni dhahabu. Kwa wauza vyuma chakavu utakuta spana za inchi, za enzi za malori ya Bedford na Land Rover za kwanza. Ile ya robo tatu inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo inakaa vizuri kwenye nati ya 19. Ya tisa kwa kumi na sita ni milimita 14.29, itaingia kwenye 14, ila inacheza, na nati ngumu itakuadhibu. Tazama pia kama iliwahi kuchomelewa au kukunjwa kwa moto. Chuma kilichopashwa hivyo hupoteza ugumu wake, hata kama jina juu yake ni kubwa. Pitisha tupa pembeni: ikikata kirahisi kama inavyokata msumari, achana nayo.

Huhitaji vipande arobaini. Gari za Kijapani zinazojaa hapa Kigoma zitakudai zaidi 10, 12, 14 na 17. Nunua hizo nne, ringi nzuri, hata moja moja kila ukipata hela. Spana malaya, ile yenye mdomo wa kurekebishwa, iwepo kwa dharura tu, na bomba la kurefushia mkono wa spana liache kabisa mpaka uujue uzito wa mkono wako. Nati iliyogoma ipe mafuta ya taa, uiache ilale usiku kucha.

Halafu kuna kutu. Masika ya hapa ziwani hayana huruma na chuma. Wajerumani walipoizamisha meli ya Liemba humu Ziwa Tanganyika mwaka 1916, wakati ikiitwa Graf von Götzen, walizipaka injini grisi nzito. Meli ikaibuliwa mwaka 1924, injini zikakutwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Spana zako hazilali chini ya maji. Zinataka tu kitambaa chenye oili kila jioni, hasa kwenye meno ya raketi, ule mkono wa kuzungushia soketi, na ndani ya soketi, halafu uzifunge kwenye turubai kavu. Usiziache kwenye ndoo ya petroli uliyooshea spea. Mimi huzihesabu nikizifuta, na ile ringi ya 14 ndiyo huwa ya mwisho kuingia.