Watoto Wetu Wamekosa Vilima

SWALI: Mhariri, tulihamia Dar es Salaam kutoka Nairobi tukiwa na watoto wawili, wa miaka sita na tisa. Kule tulizoea kupanda vilima vya Ngong kila Jumamosi, lakini hapa joto limetufungia ndani. Twende wapi? – Mama wa Wawili, Tabata

JIBU: Mama, pole kwa ugeni. Anzeni na kisiwa cha Mbudya, ambacho boti zake hutoka Kunduchi, ila kabla ya kufunga safari waulizeni wavuvi habari za maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya hapa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, hivyo watoto wataweza kutembea juu ya miamba wakitazama kaa na viumbe wengine ambao Nairobi hawakuwaona. Lakini wavae viatu, wala msiwaache peke yao, kwa maana maji yaliyokupwa hujaa tena kwa muda wa saa sita hivi. Mbudya ni eneo tengefu tangu mwaka 1975, kwa hiyo makombe na matumbawe yabaki yalipo.

Kuhusu vilima, vipo: msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, una njia za miguu zenye kivuli. Ondokeni nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, na maji ya kunywa yawe mengi kuliko mliyozoea kubeba Ngong.