Protini +++ kwenye mkojo: je, mtoto yuko hatarini zaidi?

Dada, umeuliza kama protini kwenye mkojo wa mdogo wako mjamzito kule Arua, Uganda, kupanda kutoka ++ hadi +++ kwenye karatasi ya kuchovya kunamaanisha mtoto yuko hatarini zaidi. Si lazima. Inaonyesha figo zinavujisha, lakini wingi wake peke yake hautabiri vizuri yatakayompata mama wala mtoto. Ndiyo maana mwaka 2013 chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani kiliondoa kigezo cha gramu 5 za protini kwa siku kwenye priklampsia kali (priklampsia ni presha ya juu ya ujauzito inayoathiri viungo kama figo). Halafu hiyo karatasi ya kuchovya nayo hudanganya: asipokunywa maji ya kutosha, mkojo huwa mzito na rangi hukolea.

Mimi ningehofia presha. Ikifika 160/110, au kichwa kikiuma bila kutulia, macho yakiona ukungu, au akiumwa chini ya mbavu za kulia, asingoje kliniki ya wiki ijayo. Kituo cha afya daraja la III wampe magnesiamu salfeti (dawa ya kuzuia degedege), kisha aende hospitali ya rufaa usiku huohuo, kwa gari, si boda (akipata degedege njiani je?).

Kuhusu mtoto, ulizeni mimba ina wiki ngapi na anakua vipi.