Vinia ikilowa, iache ikauke: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi za mikunjo

Juzi nimemkuta kijana mmoja karakanani amelowesha vinia, ule ubao mwembamba kama karatasi wa kubandika juu ya mbao, kwenye beseni, kailaza juu ya mlango wa kabati uliobinuka, imekaa vizuri kabisa, naye huyo anakimbilia kopo la gundi. Vinia bado inachuruzika maji. Nikamshika mkono. Wiki hiyo hiyo mwenzake alikuwa ameshafanya vivyo hivyo kwenye mguu wa meza, na yule sikumuwahi. Kazi za bapa mmeshazimudu, sina wasiwasi nanyi huko. Mkunjo ndio unaowaumbua, na makosa ni yale yale tuliyofanya sisi.

1. Soma nyuzi kabla hujashika kisu. Vinia ya mm 0.6 hukunjika kirahisi nyuzi zikilala sambamba na mhimili wa mkunjo, kama pazia la vijiti linavyoviringishwa. Ukitaka kupinda nyuzi zenyewe itakatika, na haitakuomba ruhusa. Na sehemu iliyobinuka pande zote mbili, kama kuba, msishindane nayo kwa kipande kimoja. Jaribu kufunika mpira kwa karatasi uone inavyojikunja mapindo. Huko unakata vipande vyembamba vinavyochongoka kuelekea juu, kama ganda la chungwa unapolimenya, kisha unaunganisha.

2. Maji. Hapa naomba mnivumilie, maana hili limeniuma miaka mingi.

Nilipewa kabati la droo 4, uso wa mbele umebinuka, upana kama sm 80. Vinia ilikuwa ya mjozi wenye mawimbi, vipande viwili vilivyofuatana kwenye gogo moja, nikavifungua kama kitabu ili mawimbi yakutane katikati na yateremke kutoka droo ya juu hadi ya chini bila kukatika. Sijawahi kupata vinia nzuri namna ile. Lakini ilikuwa imekaa sana, imejikunyata, kila nikiilaza inainuka pembeni. Nikailowesha. Ikalegea, ikatii, ikalala kwenye mkunjo kama kitambaa. Nikafurahi, nikapaka gundi, nikafunga kalibu, ile fomu yenye umbo la mkunjo inayokandamiza vinia, nikakaza klampu. Asubuhi nilipofungua, kazi ilikuwa safi. Nikapiga msasa, nikapaka vanishi, mwenye mali akachukua akiwa na furaha kuliko mimi.

Baada ya wiki tatu hivi akanipigia. Hakugomba, alisema tu, "Fundi, njoo uone." Nikaenda. Kiungo cha katikati kilikuwa kimefunguka kwenye droo zote nne, mstari mweusi unaoingiza ncha ya wembe. Kushoto na kulia kulikuwa na nyufa nyembamba zimefuata nyuzi, nyingine huzioni mpaka upitishe ukucha, ukucha unakwama. Nilipiga magoti pale mbele ya kabati nikipapasa droo moja baada ya nyingine, na kila niliyoigusa ilikuwa hivyo hivyo.

Nilichokuwa nimefanya ni hiki. Mbao ikinywa maji hupanuka kwa upana wa nyuzi, kwa urefu karibu haiongezeki kitu. Mimi niliigandisha ikiwa imevimba. Gundi ilipokauka ikaishika hapo hapo, kisha maji yakaanza kutoka taratibu, siku kwa siku, na vinia ikataka kurudi kwenye upana wake. Fanya hesabu: ikisinyaa asilimia 1 tu, sm 80 inadai mm 8. Zitatoka wapi? Zilitoka kwenye kiungo na kwenye zile nyufa. Nilibandua yote kwa patasi na chuma cha kukwangulia, siku nzima, nikiona mawimbi yale yanageuka kuwa takataka sakafuni. Kabati nilirudisha na vinia nyingine ya mjozi, nyuzi zimenyooka, kazi ya heshima. Lakini gogo lile halipo tena, na mwenye kabati alijua, na mimi nilijua.

Basi fanyeni hivi. Lainisha kwa maji yaliyochanganywa na gliserini, maana gliserini huiacha vinia laini hata maji yakishatoka. Ibane kwenye kalibu BILA gundi, katikati ya karatasi zinazonyonya maji, na zile karatasi uzibadilishe, si mara moja. Ipe siku moja au mbili. Ukitaka kujua imekauka iweke shavuni: ikiwa bado ya baridi, maji yamo. Ikikauka itakuwa imeshajifunza mkunjo, ndipo ufungue gundi.

3. Gundi nyeupe si ya mikunjo mikali. Hata ikikauka hubaki na ulegevu, na vinia inayotaka kunyooka huivuta kidogo kidogo mpaka viungo vinafunguka. Tumia ya yurea, hiyo ikigandana haitambai, ila haipendi baridi na inataka usiku kucha kwenye klampu. Gundi ya kontakti najua mnaipenda kwa sababu inashika papo hapo. Mimi naiogopa, kwa sababu vimiminika vya vanishi vinaweza kupenya na kuilegeza, na asubuhi unakuta malengelenge.

4. Kalibu ya juu isiwe na mkunjo sawasawa na wa ubao. Ongeza unene wa vinia na wa kitambaa cha kati, la sivyo inabana pembeni na katikati pana hewa. Kaza klampu kuanzia katikati kwenda nje. Mwenye mfuko wa kunyonya hewa, ule unaotia kazi ndani kisha pampu ikatoa hewa, amepumzika na haya yote: hewa ya nje inakandamiza kwa uzito wa karibu tani 10 kwa kila mita ya mraba, na hata pampu isipofikisha zote, inabana sawasawa kila mahali.

5. Bandika vinia na upande wa nyuma, ubao usipinde.

6. Plastiki kati ya vinia na kalibu, kila mara. Kuna mtu hapa, namjua na namtaka radhi, amegundisha kalibu na mlango vikawa kitu kimoja.

7. Ukishafungua, gonga uso mzima kwa ukucha kabla ya msasa. Kulikoshika kunalia kama ubao, kusikoshika kunalia kama karatasi kavu. Ukisikia karatasi, pasua kwa wembe kufuata nyuzi, ingiza gundi kwa bomba la sindano, weka plastiki na kibao, bana tena. Msasa ukishapita ndipo ugundue, utaitoboa, maana mm 0.6 imeshapungua.