Maswali Yenu: Nywele za Ra na Buluu ya Tanurini

SWALI: Nasikia neno kemia limetokana na jina la kale la Misri, na kwamba alkemia ilianzia kwa makuhani wa huko. Je, walitengeneza kitu kweli, au ni ngano tu za kugeuza risasi kuwa dhahabu? Msomaji, Tanga

JIBU: Wamisri waliiita nchi yao Kemet, nchi nyeusi, kwa udongo wa mafuriko ya Nile. Wapo wanazuoni wanaolitoa neno hapo. Wengine hulitoa kwenye neno la Kigiriki la kumimina madini yaliyoyeyuka. Waarabu wakalifanya al-kimiya. Ubishi huo haujaisha, lakini asili ya kazi yenyewe iko tanurini.

Kisa cha Ng'ombe wa Mbinguni, kilichoandikwa kaburini mwa farao Seti I, kinamweleza Ra, mungu wa jua, uzeeni: mifupa fedha, nyama dhahabu, nywele lapisi lazuli ya kweli, yaani jiwe la thamani la buluu. Hiyo "ya kweli" ina uzito. Jiwe lilitoka mbali, Badakhshan nchini Afghanistan, na mafundi walikuwa na lao, lapisi ya kutengenezwa. Hii ndiyo rangi iitwayo buluu ya Misri.

Kwa vipimo vya leo, chukua mchanga mweupe uliosagwa gramu 57, unga wa mawe ya chokaa gramu 24, oksidi nyeusi ya shaba gramu 19, na magadi gramu 5. Wao walichimba magadi Wadi el-Natrun. Funika pua, vumbi la mchanga huu huharibu mapafu. Choma kwenye nyuzi 900 hadi 950 za Selsiasi, usiku kucha. Magadi huyeyuka na kuzikutanisha chembe. Yakikosekana rangi haishiki vizuri, yakizidi unapata kioo cha kijani. Moto ukipita sana nyuzi 1,050, fuwele huvunjika. Tanuri likikosa hewa, shaba hugeuka nyekundu. Buluu ikitoka hafifu, saga uchome tena. Ila usisage mno mwishoni, kwani unga laini hupauka.

Ufundi huo wa kuiga ndio uliojaa katika mafunjo ya Stockholm, maandishi ya kale ya Misri yaliyoandikwa kwa Kigiriki mwishoni mwa karne ya 3 au mwanzoni mwa ya 4: mapishi zaidi ya 150, mengi ya vito na rangi. Mafunjo mengine, ya Leiden, hufundisha kuongeza uzito wa dhahabu kwa kuichanganya na madini mengine. Ni vipimo vitupu, dini haimo. Dini iliingia kwa nguvu na mwanaalkemia Zosimos wa Panopolis, mji wa Misri ambao leo ni Akhmim, mnamo mwaka 300, aliyeandika kuwa aliona ndotoni kuhani akikatwa vipande na kuunguzwa madhabahuni mpaka akawa roho.