Kroshia kwa vitabu vya Kijapani: soma mchoro, maandishi yatasubiri

Kutojua Kijapani kusikuzuie kununua kitabu cha kroshia cha Kijapani. Maandishi ni machache, kazi yenyewe imechorwa, na alama hazibadilikibadiliki kutoka kitabu hadi kitabu kwa kuwa ziko kwenye kiwango cha taifa lao, JIS L 0201. Kiyai kitupu ni mnyororo. Alama ya x ni mshono mfupi. T tupu ni mshono wa kati, T yenye kistari cha mshazari ni mshono mrefu, na yenye vistari viwili ni mrefu zaidi: unazungusha uzi mara mbili kwenye sindano kabla ya kuchoma. Kidoti cheusi ni mshono wa kuungia.

Wewe uliyezoea kuazima kitambaa cha kochi kwa jirani, ukahesabu mishono mpaka ukakitoa vilevile, utaona mchoro ni kitambaa hichohicho kilichotandazwa, upande wa mbele ukikutazama. Kinachofumwa kwa mistari, fuata mishale ya pembeni: mstari mmoja unasomwa kutoka kulia, unaofuata kutoka kushoto. Cha duara huanzia katikati na kuzunguka kinyume cha saa. Anza na cha duara, ni rahisi zaidi kwa sababu hugeuzi kazi.

Sasa tazama miguu ya alama. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoharibu, tena bila kujua. Mishono mirefu kadhaa ikitoka sehemu moja, angalia ilivyosimama chini. Miguu ikikutana pamoja, choma ndani ya mshono mmoja ulio chini yake. Miguu ikiachana, usichome kitu: pitisha sindano kwenye uwazi ulio chini ya mnyororo, uuzungukie mnyororo wote. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni nywele tu, kwa hiyo fuma penye mwanga, au piga picha ukurasa uukuze kwenye simu.

Minyororo ya kupandia mwanzoni mwa mstari nayo imechorwa: mmoja kwa mshono mfupi, miwili kwa wa kati, mitatu kwa mrefu. Hiyo mitatu huhesabiwa kuwa mshono. Ule mmoja kwa kawaida hauhesabiwi. Pembetatu nyeusi maana yake kata uzi, nyeupe maana yake unga uzi mpya.

Kwa amigurumi, yaani wanasesere wadogo wa kufuma, utakuta pia jedwali. Kariri herufi mbili tu: 段 ni mzunguko au mstari, 目 ni mshono. Kila mzunguko una idadi yake ya mishono, na idadi yako isipolingana, fumua papo hapo.

Sindano zao zina namba zao. 5/0 ni milimita 3, 7/0 ni milimita 4, yaani namba ikipanda sindano inanenepa. Lakini sindano za chuma za nyuzi nyembamba zinakwenda kinyume: namba 0 ni milimita 1.75, namba 8 ni 0.9. Dukani taja milimita, achana na namba.

Uzi uliotajwa kitabuni huenda usiupate kabisa, na si tatizo. Tafuta palipoandikwa 10cm: hapo wanakuambia mishono mingapi na mistari mingapi inaingia kwenye mraba wa sentimita 10. Fuma kipande hicho kwa uzi ulionao. Mishono ikizidi, chukua sindano nene zaidi. Ikipungua, chukua nyembamba.